Kurudisha vyombo vya nyumbani kutoka Uingereza: kupanga, kufunga na kugomboa mzigo Dar es Salaam au Mombasa

Mtu anayehama Uingereza ili arudi kuishi Tanzania au Kenya kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya kontena. Swali hilo lina nafasi yake, lakini linatanguliwa na jingine la tarehe: ni siku gani wewe mwenyewe utagongewa muhuri wa kuingia nchini, na meli iliyobeba mzigo wako itatia nanga siku ngapi kabla au baada ya hapo. Msamaha wa ushuru unahesabiwa kutoka siku hiyo, na sehemu kubwa ya gharama zinazowashtua watu bandarini hutokana na mzigo kufika wakati mwenyewe bado yuko Birmingham, au mwenyewe kuwapo huku nyaraka zake hazijakamilika. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia bandarini, ndipo urudi nyuma hadi sebuleni.

Siku 90

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inamsamehe ushuru mtu anayehamishia makazi yake katika nchi mwanachama. Msamaha huo unahusu nguo zake, vitu vyake binafsi na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huko alikotoka, pamoja na gari moja ambalo amelimiliki na kulitumia mwenyewe nje ya nchi wanachama kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu muda wa safari ya baharini. Vitu hivyo vinatakiwa viingie ndani ya siku 90 tangu mwenyewe alipowasili. Kamishna wa forodha anaweza kuongeza muda, ila usizidi siku 360 tangu kuwasili, na ombi hilo ni vyema lipelekwe kwa maandishi wakati siku 90 hazijaisha, likiambatanishwa na barua ya kampuni ya meli inayoeleza sababu ya kuchelewa.

Ili uone uzito wa msamaha huu, chukua samani zilizokadiriwa thamani ya shilingi milioni 1 za Tanzania, nauli ya meli na bima vikiwa vimeshajumlishwa humo, kwa kuwa ushuru wa mzigo wa baharini hukokotolewa juu ya jumla hiyo. Tangu Julai 2022 samani zimewekwa katika kundi la ushuru wa asilimia 35 wa Jumuiya. Hiyo ni shilingi 350,000. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na asilimia 16 Kenya, inatozwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo, yaani shilingi 243,000 nyingine kwa upande wa Tanzania. Kabla ya tozo ndogondogo umeshafikia shilingi 593,000 kwa makochi ambayo pengine yameanza kubonyea.

Msamaha hauhusu kila kitu kilichomo katika kontena. Pombe, tumbaku, manukato na vitambaa vya jora havimo, na bidhaa za biashara ndizo zinazoharibu mambo kuliko vyote. Simu tano zilizo ndani ya boksi zake, au viatu vya aina moja vya saizi tofauti ulivyoombwa na shemeji mwenye duka, vinampa afisa sababu ya kuutazama mzigo mzima kama wa biashara. Kama ni lazima uvilete, vitangaze peke yake na uvilipie. Kwa wanaorudi Kenya, mamlaka ya mapato ya huko, KRA, huangalia pia umeishi nje muda gani na likizo zako za nyumbani zilichukua siku ngapi, kwa hiyo pasipoti zako za zamani zenye mihuri usizitupe.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Kuanzia siku vyombo vinapotoka nyumbani hadi meli inapofika Dar es Salaam au Mombasa, wiki 6 hadi 10 ni makadirio ya busara, kwa sababu makontena mengi hayaji moja kwa moja. Hushushwa katika bandari kama Salalah au Jebel Ali na kungoja meli nyingine. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli zizunguke Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Mfereji wa Suez, jambo linaloongeza takriban siku 10 hadi 14, na wakala wako anapaswa kukueleza meli yako itapita njia ipi. Kwa maoni yangu mpango ulio salama ni ule unaoufikisha mzigo wiki mbili au tatu baada yako: unakuwa umeshapata namba ya simu ya hapa, namba ya mlipakodi na mahali pa kushushia, na bado unabaki na zaidi ya miezi miwili ya akiba.

Nini kipande meli na nini kibaki

Kitu unachokipandisha meli unakilipia kwa ujazo, hivyo thamani yake ipimwe dhidi ya nafasi kinayochukua, wala si dhidi ya bei uliyokinunulia. Vitabu, vyombo vya jikoni vya chuma na udongo, zana za ufundi, cherehani, mashuka, magodoro mazuri na vitu vya watoto karibu kila mara vinastahili. Kabati na meza za mbao za kushindiliwa hazistahili hata kidogo: zikifunguliwa na kuunganishwa tena skrubu hazishiki, na unyevunyevu wa pwani huzivimbisha. Kwa pesa ya kusafirisha kabati la namna hiyo, fundi wa Keko, Dar es Salaam, anaweza kukutengenezea la mninga, na wa Nairobi watapata mafundi wao kandokando ya Barabara ya Ngong.

Vifaa vya umeme vya Uingereza vina bahati nzuri, kwa kuwa plagi ya pini tatu za bapa na umeme wa takriban volti 230 hadi 240 ni vilevile Tanzania na Kenya. Anayehama kutoka Marekani, kwenye volti 120, angelazimika kuviacha vingi. Ongeza tu kifaa cha kusawazisha umeme kwa ajili ya jokofu na televisheni. Makoti mazito yagawe, isipokuwa unakwenda Njombe au Limuru.

Kupima na kuelewa bei

Pima kila kitu kwa mita, urefu mara upana mara kimo, upate mita za ujazo, ambazo wasafirishaji huziita CBM. Boksi kubwa la sentimita 45 kwa 45 kwa 50 ni kama mita ya ujazo 0.1. Maboksi 30 ya namna hiyo ni 3, godoro la watu wawili la sentimita 135 kwa 190 lenye unene wa 25 ni 0.64, mashine ya kufulia ni 0.3 na jokofu refu ni 0.7. Jumla yake ni takriban mita za ujazo 4.7, na kwa mzigo kama huo hakuna haja ya kukodi kontena zima. Unaingia katika kontena la kuchangia, ambamo mizigo ya watu kadhaa hupakiwa pamoja. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya takriban mita za ujazo 33 na la futi 40 lina 67, lakini vyombo vya nyumbani havipangiki kama matofali, kwa hiyo usitarajie kuijaza nafasi yote. Ukivuka mita za ujazo 12 hadi 15, omba bei za njia zote mbili, kwa sababu hapo ndipo kontena lako mwenyewe linapoanza kushindana. Ubaya wa kontena la kuchangia ni kwamba huondoka likijaa, na kama mmoja wa wachangiaji ana matatizo na forodha, nyote mnaweza kungoja.

Kwa ndege peleka vile tu utakavyovihitaji wiki za mwanzo. Shirika la ndege hulinganisha uzito halisi na uzito wa ujazo, ambao kwa kawaida ni sentimita za ujazo gawanya kwa 6,000, kisha hutoza ule ulio mkubwa. Boksi lile la sentimita 45 kwa 45 kwa 50 likijazwa mito na mablanketi linaweza kuwa na kilo 5 kwenye mizani, lakini utalipia karibu kilo 17.

Bei mbili haziwezi kulinganishwa mpaka ujue kila moja inaishia wapi, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Bei ya hadi bandarini inakwisha meli inaposhusha kontena. Kila kinachofuata ni juu yako. Ya hadi mlangoni inapaswa kujumlisha ushushaji, ada ya wakala wa meli ya kutoa hati ya kuruhusu mzigo, gharama za bandari kavu, ada ya wakala wa forodha, usafiri hadi nyumbani na wapagazi. Ninasema inapaswa, kwa sababu neno hilo hutumiwa kwa ulegevu. Mwandikie kila aliyekupa bei umuulize, jambo moja baada ya jingine, kama yote hayo yamo, nani analipa amana ya kontena, siku za bure ni ngapi kabla ya tozo za hifadhi na za kuchelewesha kontena kuanza, na kama kontena litahamishiwa bandari kavu ni nani atakayebeba gharama hiyo. Anayejibu kwa simu tu na hataki kuandika, mwache. Kwenye mzigo wa kuchangia, uliza hasa ada atakayotoza mshirika wao wa Dar es Salaam au Mombasa kwa ajili ya kuutenganisha mzigo wako na wa wengine. Nauli inayoonekana rahisi kupita kiasi mara nyingi imerudishwa humo.

Kabla ya kulipa malipo ya kwanza, itafute kampuni hiyo katika rejista ya kampuni za Uingereza, Companies House, ambayo iko wazi na haina malipo, uone imesajiliwa lini na wakurugenzi wake ni akina nani. Uanachama katika British Association of Removers, chama cha wahamishaji mizigo wa Uingereza, au cheti cha ubora cha FAIM kinachotolewa na FIDI, chama chao cha kimataifa, ni ishara nzuri. Si kila msafirishaji mwaminifu wa jamii yetu ana vyeti hivyo, na wapo wengi wanaopeleka mapipa na maboksi nyumbani kila mwezi bila lawama, lakini kwa asiye navyo sisitiza kupewa majina ya wateja watatu waliokwisha kupokea mizigo yao, na uwapigie.

Kufunga

Maboksi yawe ya kuta mbili, mapya, na yasizidi uzito ambao mtu mmoja anaweza kuunyanyua. Vitabu viingie kwenye maboksi madogo. Sahani zisimamishwe wima kama zinavyokaa kwenye kichanja, kwa kuwa zikilazwa moja juu ya nyingine ya chini hubeba uzito wa zote. Jokofu lizimwe, likaushwe na kuachwa mlango wazi kwa siku nzima au zaidi kabla ya kufungwa, la sivyo utalifungua likiwa na ukungu. Mashine ya kufulia ina boliti maalumu za kulishikilia pipa lake wakati wa safari, na kama zilitupwa siku mashine ilipounganishwa nyumbani, agiza nyingine. Televisheni bora irudi katika boksi lake la awali.

Adui mkubwa ndani ya kontena ni mvuke kuliko mawimbi. Mzigo uliofungwa katika baridi ya Uingereza unavuka ikweta, na hewa iliyofungiwa humo hugeuka matone yanayodondoka kutoka darini. Usifunge nguo ambazo hazijakauka sawasawa, tundika mifuko ya kufyonza unyevu kwenye kuta za kontena, na usibane godoro ndani ya nailoni isiyopitisha hewa bila kuliwekea kifyonza unyevu.

Mbao za makreti na paleti ziwe na muhuri wa kimataifa wa ISPM 15, wenye alama ya IPPC na herufi HT, unaoonyesha kwamba mbao hizo zimepashwa joto la nyuzi 56 hadi kiini kwa dakika 30 ili kuua wadudu. Zana za bustani zisuguliwe udongo wote. Mbegu, mimea, vyakula vibichi, mitungi ya gesi, rangi, makopo ya kupuliza, viberiti na betri za lithiamu zilizo peke yake zisiingie. Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali katika nchi zote mbili, kwa hiyo ishughulikie mapema au iuze. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa isiwe ndiyo ya kujazia mapengo. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019.

Kila boksi lipewe namba pande mbili, na namba hiyo iingie kwenye orodha inayotaja kilichomo, idadi na thamani ya leo ya kitu kilichotumika. Maneno kama vitu mbalimbali hayamsaidii mtu yeyote; afisa akiyaona hufungua boksi. Andika boksi la 14, sufuria 6, vikombe 12, pasi 1, na vitu vipya vijitokeze wazi kuwa vipya. Orodha hiyohiyo ndiyo itakayotumika kwa forodha, kwa bima na kwa kuhesabia mzigo siku ya kupokea.

Bima

Kampuni nyingi za bima zikikubali mzigo uliofungwa na mwenyewe hukata fidia ya vitu vilivyovunjika ndani ya boksi, na kubakiza fidia ya kupotea kwa mzigo wote tu. Kwa hiyo vioo, vyombo vya udongo na vifaa vya umeme ningeviacha vifungwe na wafungaji wa kampuni hata kama vingine vyote unafunga mwenyewe.

Wapo wanaosema hawana kitu cha kukatia bima kwa kuwa vyombo vyenyewe ni vikuukuu. Wanasahau mchango wa hasara ya pamoja, kanuni ya kale ya bahari inayomtaka kila mwenye shehena achangie gharama zilizotumika kuiokoa meli, hata kama mzigo wake haukuguswa. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez kwa siku 6 mwezi Machi 2021, mwenye meli alitangaza hasara ya namna hiyo, na wenye shehena wakatakiwa kuweka dhamana kabla ya kukabidhiwa makontena yao. Mwenye bima anaikabidhi barua ya madai hayo kwa kampuni yake ya bima. Asiye nayo anatafuta fedha taslimu.

Gari

Logibuku ya Uingereza, V5C, inaonyesha gari limeandikishwa kwa jina lako tangu lini, lakini yenyewe inasema wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki, hivyo ihifadhi pamoja na risiti ya ununuzi. Kipande cha kuliondoa gari nchini moja kwa moja hukatwa na kutumwa DVLA, wakala wa serikali ya Uingereza wa usajili wa magari, na sehemu iliyobaki hubaki kwako kwa ajili ya usajili wa huku. Likipakiwa kwenye meli ya magari liwe tupu kabisa. Likiingia kwenye kontena, mafuta yabaki kidogo na betri itenganishwe. Gari ambalo halijatimiza miezi 12 mikononi mwako ningeliuza hukohuko.

Nyaraka na kugomboa

Hati ya shehena, ambayo mawakala huiita BL, ndiyo inayompa mtu haki ya kukabidhiwa mzigo. Jina la mpokeaji humo liwe lako, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Ukiandika la kaka yako kwa kuwa yeye ndiye aliyeko Dar es Salaam, umeuharibu mwenyewe msamaha wako, maana yeye hakuhama popote. Kwa kawaida hutolewa nakala tatu halisi. Omba msafirishaji asiziachilie nakala hizo, wala asiruhusu mzigo kutolewa kwa njia ya kielektroniki, mpaka umepitia rasimu na kuangalia jina, namba ya kontena na namba ya lakiri.

Andaa pia pasipoti yenye muhuri wa kuingia, orodha ya vifurushi, ushahidi wa kuishi nje kama vile viza, bili za nyumba na hati za kodi, barua ya mwajiri wa zamani au wa sasa, na namba ya mlipakodi, TIN kwa Tanzania au PIN kwa Kenya. Ombi la msamaha hupelekwa na wakala wa forodha mwenye leseni. Mchague mapema, hakiki leseni yake kwa mamlaka ya mapato, TRA ya Tanzania au KRA ya Kenya, na umtumie nakala zote meli ikiwa bado baharini, kwa sababu tamko linaweza kuanza kushughulikiwa kabla ya kufika. Kodi na tozo za serikali zilipwe kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo wa serikali, ukitumia akaunti yako. Wakala mlipe ada yake, lakini asikusanye kodi mkononi mwake.

Mzigo ukiitwa kwenye ukaguzi, nenda mwenyewe, ukiwa na orodha iliyochapishwa na ufunguo wa kila sanduku. Afisa anayeomba kuona boksi la 14 na kukuta sufuria 6 zilizoandikwa mara nyingi hatafungua la 15.

Wanaoendelea Kampala, Kigali au Bujumbura wahakikishe hati ya shehena inataja kituo cha mwisho na tamko linafanywa kwa mamlaka ya mapato ya nchi yao mzigo ukiwa bado bandarini, kwani kontena litasafiri chini ya lakiri ya kufuatiliwa kwa kielektroniki na halifunguliwi njiani. Wanaokwenda Kongo wanahitaji pia hati ya FERI, fomu ya kielektroniki ya taarifa za mzigo inayotolewa kupitia OGEFREM, ofisi ya shehena ya Kongo, na ipatikane kabla mzigo haujafika.

Siku ya kupokea, linganisha namba ya lakiri na ile ya kwenye hati kabla haijakatwa, na uipige picha. Hesabu maboksi kwa namba yanaposhuka, na lolote lililobonyea au kulowa liandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano kabla hujatia sahihi. Kwa mizigo iliyopakiwa katika bandari za Uingereza, uharibifu usioonekana kwa nje unatakiwa umjulishe msafirishaji kwa maandishi ndani ya siku 3, na haki ya kumshtaki kwa kawaida hukoma baada ya mwaka 1. Bima yako inaweza kuwa na muda mfupi zaidi, kwa hiyo fungua vitu vya kuvunjika kwanza. Kontena tupu lifagiliwe, lipigwe picha ndani na nje, na lirudishwe mahali palipotajwa kabla siku za bure hazijaisha. Dereva akuletee stakabadhi ya kulirudisha, nawe ubaki nayo mpaka amana yako itakapoingia benki.